Sajenti na Njugu: namna ya kumwingiza mtoto wa mbwa mdogo kwenye ua wa mbwa mkubwa mwenye mchezo

Wateja wa duka langu la vyakula vya mifugo hapa Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, huja kutafuta pumba, mashudu na dawa ya kupe. Siku hizi, mzigo ukishafungwa kwenye boda, wengi hubaki kaunta na swali moja: "Mama, mimi nina mbwa mkubwa wa kulinda nyumba, na watoto wananisumbua niwaletee kale kadogo keupe ka manyoya. Si atakaua?"

Nikiuliza huyo mkubwa yukoje, mara nyingi naambiwa si mkali. Anapenda watu, anapenda mchezo, akimwona mgeni anarukaruka mpaka anamchafua nguo. Basi huyo ndiye ninayemzungumzia hapa. Mbwa anayechukia mbwa wenzake, aliyeshamng'ata mmoja akamtoa damu, haponi kwa maneno ya mwenye duka. Mpeleke kwa daktari na kwa mtu ambaye kazi yake ni kufundisha mbwa, na mtoto wa mbwa usinunue kwanza.

Huyu mwenye roho safi hatari yake ni uzito. Sajenti wangu ni chotara wa German Shepherd na mbwa wa kienyeji, kilo 38 kwenye mizani ileile ninayopimia pumba. Njugu, Maltese wa binti yangu (ndiko kale kadogo keupe ka manyoya), aliletwa akiwa na kilo moja na robo. Mmoja ni mara thelathini ya mwenzake. Ni sawa na wewe kuitwa kucheza mieleka na kiboko mwenye furaha. Mlinzi wetu alipomwona Njugu mara ya kwanza alitikisa kichwa: "Mama, Sajenti atammeza huyu." Nikamwambia, "Mzee, hatammeza. Atamkanyaga." Ukishaielewa tofauti hiyo, utaelewa kwa nini sehemu kubwa ya kazi ninayoieleza hapa inafanywa kwa mkubwa, si kwa mdogo.

Darasa la mkubwa

Mtu akishaamua kununua, akili yote inahamia kwa mgeni: kikapu, blanketi, jina. Lakini mgeni hajafika, huna la kumfundisha. Mkubwa unaye, na wiki za kabla mgeni hajaja ndizo za kumfundisha. Anahitaji kujua mambo mawili vizuri sana kuliko kujua kumi nusunusu: kulala chini akiambiwa, na kuacha kitu akiambiwa.

Kulala ni rahisi. Chemsha maini bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa), yakate vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi. Shika kimoja ngumini, mpelekee mkono puani, kisha uteremshe taratibu mpaka chini katikati ya miguu yake ya mbele, halafu uvute kidogo kuja kwako. Kichwa kitafuata mkono, na mwili utafuata kichwa. Viwiko vikigusa sakafu, sema "ndiyo" na umpe saa hiyohiyo. Usimkandamize mgongo. Baada ya siku chache anza kuchelewesha kipande: abaki amelala kwanza, ahesabiwe mpaka tano, mpaka kumi na tano, mpaka dakika nzima huku wewe ukizunguka. Mbwa mkubwa aliyelala chini ana hatari ndogo kuliko yule aliyesimama, maana hawezi kuruka bila kwanza kuinuka, na wewe unamwona anapoinuka.

Kuacha kunahitaji uvumilivu zaidi. Funga kipande cha nyama ngumini umwonyeshe. Atalamba, atakwaruza kwa kucha, atakulalamikia. Nyamaza. Kuna wakati atachoka na kurudisha pua nyuma kidogo tu, na sekunde hiyo ndiyo unayoilipa: "ndiyo," kisha mpe kipande kingine kutoka mkono wa pili. Akishajua mchezo huo, weka kipande sakafuni chini ya wayo wako. Halafu kiweke wazi. Halafu fanya na mpira unaobingirika, kisha na kitu chenye uhai, yaani kuku wa jirani akipita nje ya uzio huku mbwa wako yuko kwenye kamba.

Hapo kwenye kuku tusimame kidogo, kwa sababu kwa nyumba zetu ndicho kipimo kizuri kuliko vyote. Mbwa anayemwona kuku akabweka, akarukaruka, akakugeukia ukimwita, huyo anasumbua tu. Mbwa anayemwona kuku akanyamaza kabisa, mwili ukakaza, macho yakaganda, mguu mmoja ukabaki hewani, halafu hata maini hayataki tena, huyo anawinda. Kama ameshaua kuku au paka wa mtaani, usijidanganye kwamba mtoto wa mbwa wa kilo moja anayekimbia na kulia kwa sauti nyembamba ataonekana kwake kama ndugu. Mara nyingine anaonekana, mara nyingine haonekani, na hutaki kujua jibu kwa kujaribu.

Daktari kabla ya yote

Mkubwa apigwe chanjo zake, apewe dawa ya minyoo, kupe waondolewe. Kupe ambao mbwa mzima anawavumilia kwa siku nyingi wanaweza kumlaza mtoto mdogo kwa upungufu wa damu.

Mdogo asiachishwe mama yake kabla ya wiki nane. Wapo wauzaji watakaokupa wa wiki tano na kuapa ana miezi miwili. Wa wiki tano bado anajifunza kwa mama na ndugu zake kwamba kung'ata kunauma, na ukimkosesha somo hilo atakuja kufundishwa na mkubwa wako. Chanjo za parvo (ugonjwa wa kuharisha damu) na distempa (ugonjwa mwingine wa virusi unaoua watoto wa mbwa) huanza wiki ya sita mpaka ya nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi afikishe wiki kumi na sita. Ya kichaa cha mbwa huchomwa kuanzia wiki ya kumi na mbili. Parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Kwa hiyo ushauri unaosikika sana, kwamba mbwa wawili wakutane kwanza barabarani ambako si kwa yeyote, kwetu haufai kwa mtoto ambaye chanjo hazijakamilika. Mfereji wa Bweyogerere umepitiwa na mbwa wote wa Kira.

Kama kuna mbwa aliyewahi kufa kwa kuharisha damu kwenye ua wako, mwambie daktari kabla hujanunua. Sakafu ya saruji inaweza kusafishwa: ioshe kwanza kwa sabuni mpaka uchafu uishe, kisha mimina JIK (ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo), kipimo kimoja kwa vipimo thelathini vya maji, iache dakika kumi ndipo usuuze. Ukimwaga JIK juu ya uchafu haifanyi kazi, na kwenye udongo mtupu ni kupoteza pesa.

Wavu wa fundi

Yale mazizi ya kukunja ya kumwekea mdogo, yanayouzwa kwenye maduka ya wanyama wa kufuga, ni mazuri lakini ni ghali, na mengi yametengenezwa bila kufikiria mnyama wa kilo 38 akiyaegemea. Mimi nilimwendea fundi wa kuchomelea, akanitengenezea vipande vinne vya fremu ya chuma vyenye wavu mgumu, kila kimoja urefu wa mita moja, vinaunganishwa kwa pini. Matundu ya wavu yawe madogo kiasi kwamba kichwa cha mdogo hakipiti, wala taya la mkubwa. Wavu mwembamba wa kuku usiutumie. Unapinda, na ncha zake huchoma macho.

Kingine ni mlango wa sebuleni. Seremala akupigie geti la mbao la kufika kiunoni, na chini aache tundu la upana wa kiganja kilichofunguliwa, mdogo apite, mkubwa asipite. Tundu hili watu hulidharau, na mimi naliona ni la maana kuliko vitu vyote vya kununua. Mtoto wa mbwa anayejua ana pa kukimbilia hana haja ya kung'ata wala kupiga mayowe. Yule aliyebanwa kwenye kona hujifunza mapema kwamba mbwa wakubwa wote ni adui, na utaishi miaka kumi na tano na kelele zake.

Siku ya kwanza hawakutani

Mdogo akifika, mpitishe moja kwa moja ndani. Usimbebe mikononi ukamwonyeshe mkubwa kutoka juu. Kila mtu hufanya hivyo, watoto hasa, na ndiyo njia ya haraka ya kumfundisha mbwa mkubwa kwamba kitu kizuri kiko juu na kinafikiwa kwa kuruka. Kucha zake zitakukwaruza wewe, na mdogo atakuwa anatetemeka kifuani mwako bila pa kwenda.

Mwache alale. Chukua leso au fulana kuukuu, mfute nayo shingoni na tumboni, iweke chini karibu na mkubwa. Atanusa. Akinusa na kuondoka, mpe maini. Akiitafuna na kuitikisatikisa kichwa huku na huku, iondoe bila kelele, jaribu kesho. Upande wa pili fanya vivyo hivyo: kitambaa kilicholaliwa na mkubwa kikae kwenye kikapu cha mdogo. Mbwa wanajuana kwa pua kabla ya macho, na wakifika wavuni watakuwa wameshaanza kuzoeana.

Kisha wavu. Mkubwa mtembeze kwanza asubuhi na mapema kabla barabara ya Jinja haijajaa, mwendo wa taratibu, umwache anuse kila jiwe na kila nguzo. Kumrushia mpira nusu saa kunamchosha misuli tu, kichwa kinarudi nyumbani kimewaka. Ukirudi, mdogo awe tayari ndani ya zizi lake barazani, mkubwa kwenye kamba hatua tano au sita mbali. Mwambie alale. Kila akimtazama mdogo kisha akakutazama wewe, mlipe. Akilala ametulia, sogea hatua moja. Akikaza mwili, rudi hatua mbili nyuma. Muda wa chai moja unatosha, kisha mkubwa aondoke. Rudia mara kadhaa kwa siku. Utajua umefika pazuri pale mkubwa atakapofika kwenye wavu, akanusa, akajitupa chini kwa kuchoka na habari hizo. Kuna mbwa wanaofika hapo siku ya tatu, kuna wanaohitaji wiki tatu. Hakuna zawadi ya kuwahi.

Katika kipindi hiki soma miili yao. Mkubwa mwenye nia ya mchezo mwili wake ni laini, mgongo unajipinda, mdomo uko wazi, anainamisha kifua chini na kuinua matako, hata anapiga chafya. Mkia unayumba pamoja na kiuno. Mkia uliosimama wima ukitikisika kwa ncha tu si furaha. Kwa mdogo angalia kupiga miayo bila usingizi, kulamba pua, kugeuza uso, weupe wa jicho ukionekana pembeni. Anasema "nimechoka". Msikilize kabla hajalia.

Uso kwa uso

Mnahitaji watu wawili. Kwetu nilikuwa mimi na binti yangu, na milango yote ikafungwa, vinyago na sahani za chakula zikaondolewa, simu zikawekwa mbali. Mahali pawe na nyasi fupi au mkeka. Vigae vinateleza, na mbwa mkubwa akiteleza hawezi kuchagua anakoangukia. Mwezi wa mvua ua wenye udongo mwekundu ni vilevile, kwa hiyo subiri ukauke. Tena usipange jambo hili siku ya mechi kwenye uwanja wa Namboole wala wiki ya mwisho ya Desemba yenye fataki, kwa sababu mbwa aliyeshtuka anaruka bila kutazama chini.

Mkubwa avae mkanda imara na kamba iliyolegea. Kamba ikikazwa inamvuta juu, kifua kinatoka mbele, na mwenzake anamsoma kuwa anatisha. Mdogo akiwa na kamba, iwe ya mkanda wa kifuani, si wa shingoni, kwa maana koo la mbwa wadogo wa jamii hii ni dhaifu na huweza kuporomoka kwa kuvutwavutwa. Mlaze mkubwa. Mdogo awekwe sakafuni mbali kidogo na aachwe achague mwenyewe. Akija, atakuja kwa upande. Ananusa mguu, ananusa mkia. Hesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, kisha mwite mkubwa kwa sauti ya kawaida ageuke kwako, mlipe. Hapo umevunja mtazamo kabla haujakaza. Rudia mara kadhaa, na umalize wakati bado wote wanataka kuendelea.

Mkubwa akinguruma kidogo mdogo anapomng'ata sikio, usimchape wala usimkemee. Mngurumo ni onyo. Mbwa anayeadhibiwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza, na siku moja anang'ata bila kuonya. Mwondoe mdogo kwa utulivu. Mtoto wa mbwa ana kinga ya utoto mpaka kama miezi minne au mitano, mbwa wazima wengi humvumilia makosa mengi. Baada ya hapo uvumilivu hupungua, na usije ukashangaa mkubwa wako mpole akianza kumwekea mipaka.

Mchezo wenyewe

Sasa tumefika kwenye kitu kinachovunja mifupa. Mbwa mkubwa mwenye furaha anacheza kwa mguu wa mbele: anauinua na kuupiga chini juu ya mwenzake, kama ishara ya "njoo". Kwa mbwa wa saizi yake ni salamu. Kwa Njugu ni mfupa uliovunjika. Mbwa wadogo wa jamii hii wana mifupa ya miguu ya mbele myembamba kama penseli, na huvunjika hata kwa kuruka kutoka kwenye kochi. Jirani yetu mwenye Spitz, mbwa mdogo wa manyoya mengi, alimpeleka wake kliniki akiwa na mguu wa mbele umening'inia, na mbwa mkubwa aliyefanya hivyo alikuwa amesimama palepale anatikisa mkia, anasubiri mchezo uendelee.

Kwa hiyo sheria ya nyumba yangu ni moja: mkubwa anacheza akiwa amelala. Akiinua mguu juu ya mdogo, "lala." Akisimama kumruka, "lala." Akilala, mchezo unaendelea na mdogo anampanda kichwani atakavyo. Hakuna adhabu nyingine. Mbwa wenye akili hugundua haraka kwamba kusimama kunamaliza starehe. Sajenti sasa hujitupa mwenyewe kwa ubavu anapomwona Njugu anakuja, anafungua mdomo, na kijitu kile kinaingiza kichwa chote mle ndani kumkagua meno. Mara ya kwanza mlinzi alifumba macho.

Mchezo wa afya una zamu. Mara huyu juu, mara yule. Unasimama wenyewe kila baada ya muda mfupi, wanajikung'uta, wanaanza upya. Ukitia shaka kama mdogo anafurahi, mshike mkubwa kwenye mkanda wake uone mdogo anafanya nini. Akirudi kumchokoza, waachie. Akienda chini ya kiti, mchezo umeisha.

Kukimbizana kuzuie kabisa. Hata mbwa aliyemlea mdogo kwa miezi, akimwona anakimbia kwa kasi huku analia, kichwa kinaweza kugeuka kwa sekunde moja kutoka mchezoni kwenda uwindaji. Dalili ni kimya. Mbwa anayecheza hutoa sauti, hupumua kwa kishindo. Akinyamaza ghafla, ameganda, macho hayapepesi, usipige mayowe wala usikimbie. Piga makofi mara moja, mwite kwa jina, tupa maini pembeni, ingiza mwili wako katikati. Na ikitokea mara ya pili, rudini kwenye wavu na mtafute mwalimu.

Geti

Wanaoandika mambo haya ughaibuni hawana geti letu. Nyumba nyingi za Kampala na vitongoji vyake mbwa mkubwa anaishi kwa ajili ya geti. Mchana anasikia kila boda inayosimama, usiku anafunguliwa kabisa. Geti likigongwa, anaondoka alipo kama risasi, na hana habari na chochote kilicho njiani. Ajali ninazosimuliwa dukani, nyingi ni za sekunde hizo. Mdogo alikuwa amelala kwenye ngazi. Mdogo alikuwa anamfuata nyuma. Na kuna ubaya mwingine: mbwa aliyepandwa na hasira ya mgeni ambaye hawezi kumfikia humgeukia aliye karibu, na aliye karibu ni mdogo anayebweka miguuni mwake.

Zungumza na mlinzi na dada wa nyumbani kabla ya kuzungumza na mbwa. Kwetu taratibu ni kwamba mtu akibisha, mlinzi anajibu kwa sauti, "Nakuja," lakini hagusi komeo mpaka asikie kutoka ndani kwamba mdogo yuko ndani na mlango umefungwa. Boda wa chakula anasubiri. Jamaa anayekuja kusoma mita ya maji anasubiri. Watoto wanaorudi shule ndio wagumu, kwa sababu wanaingia wote kwa kishindo na kuliacha geti wazi. Hao nimewaambia wazi kwamba atakayeliacha wazi ndiye atakayeosha kibanda cha Sajenti wiki nzima, na imesaidia kuliko mawaidha.

Mfundishe mkubwa pia. Mlinzi agonge geti kwa ndani mara moja, wewe uko barazani na maini: "lala." Mwanzo hatakusikia. Mlinzi agonge polepole zaidi, kwa kidole. Akiweza kulala kwa kidole, ongeza mpaka ngumi. Mbwa wa ulinzi hataacha kulinda kwa sababu hiyo. Anajifunza tu kwamba kuna mahali pa kuanzia.

Usiku mdogo analala ndani, mlango umefungwa. Mchana asiachwe nje peke yake hata kama mkubwa amefungwa, maana mwewe huzunguka juu na kalooli (korongo wakubwa) wa jalalani hawana adabu.

Chakula, na dalili za kukimbilia kliniki

Wale vyumba tofauti, mlango umefungwa, sahani ziokotwe wakimaliza. Mkubwa akila posho (ugali) na mukene (dagaa) mara mbili kwa siku inatosha. Mdogo ale mara nne kwa siku mpaka miezi mitatu au minne, kidogokidogo. Mbwa wadogo hivi sukari yao ya damu huporomoka wakikosa mlo au wakicheza sana. Ukimwona anatetemeka, anayumba kama mlevi, amelegea na fizi zimepauka, mpake glukosi iliyokorogwa na maji kidogo, au asali, kwenye fizi, mfunike apate joto, na uondoke kwenda kwa daktari. Usimmiminie kooni, atapaliwa. Glukosi ya paketi ipo kila duka la dawa, weka moja jikoni.

Akichechemea baada ya mchezo na hakanyagi mguu, akilia ukimgusa shingo, jicho likivimba au likitoka, akipumua kwa shida, nenda siku hiyohiyo. Akiwa ameumwa, usidanganywe na udogo wa tundu. Jino la mbwa mkubwa huacha tundu dogo juu na kuponda nyama chini, na usaha huonekana baada ya siku mbili tatu. Panadol, ibuprofen na diclofenac za binadamu usimpe. Kwa mwili mdogo hivyo zinaua ini, tumbo na figo. Kliniki ya wanyama wadogo iko Makerere kwenye chuo cha udaktari wa mifugo, na kliniki binafsi siku hizi ziko pembe nyingi za mji. Namba ya iliyo karibu iandikwe ukutani, dada na mlinzi waione, isikae kwenye simu yako tu.

Kuwaacha pamoja peke yao ni swali ninaloulizwa kila mara, na jibu langu huwakera watu. Mpaka mdogo afikishe mwaka, hapana. Baada ya hapo, kama hujaona kukimbizana wala kukanyagana kwa miezi, dakika chache ukiwa chumba cha pili. Wapo wawili wanaopendana kabisa ambao hawapaswi kuachwa peke yao maisha yao yote kwa sababu ya uzito tu, na hakuna aibu kutumia lile geti la mbao miaka kumi.

Jambo la mwisho ni la wale wenye dume kubwa na kadogo ka kike. Majike wa aina ndogo huanza joto kati ya miezi sita na kumi, wengine hata kabla hujagundua. Dume wa kilo 38 akimpanda, anaweza kumvunja mgongo. Akishika mimba, watoto wanaweza kuwa wakubwa kuliko njia ya kuzalia, na hapo ni upasuaji au kifo. Wavu hauzuii dume aliyenusa joto. Nimeona waliofukua chini ya uzio usiku mmoja. Basi mdogo akifikisha miezi mitano, muulize daktari wako lini amfunge kizazi mdogo na lini amhasi mkubwa, na mpaka siku hiyo ipite, wakae pande mbili za mlango wa mbao uliofungwa, si wa wavu.